Mawe Juu ya Mbao

Mtu anaogopa nini kwenye sakafu ya mbao? Likizo ile ya miaka ya sabini nilikuwa nimerudi Kisumu kutoka chuo kikuu na majibu ya karibu kila kitu, lakini jibu la swali hili sikuwa nalo.

Aliyeogopa ni Dani, nyanya yangu mzaa baba. Aliletwa kutoka Kombewa kwa sababu ya jicho. Daktari alitaka atiwe dawa hospitalini kila siku kwa miezi miwili, la sivyo jicho lingepofuka. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, imeinuliwa juu ya nguzo fupi, na sakafu yake ya mbao ililia kila ukikanyaga. Dani alilala siku mbili tu. Siku ya tatu alifunga nguo zake kwenye kitambaa.

"Narudi kwangu," alimwambia baba. "Nyumba yako inaongea."

"Ni mbao tu, Mama."

"Basi zinyamazishe. Weka mawe chumbani kwangu, na kwenye ukumbi mpaka mlango wa jikoni. Nakupa wiki mbili. Nisipoona mawe, naondoka na jicho langu."

Baba alikuwa mzee wa kanisa na alipenda kila jambo liwe na maana kubwa. Aliamua kwamba mila ndiyo iliyomtaka mama yake akanyage kitu kilichotoka ardhini. Nilimuuliza Dani kama ni kweli. Alinitazama kwa lile jicho zima.

"Wewe ndiye umesoma," alisema. "Andika hivyo."

Nikaandika.

Mawe bapa yaliletwa na lori kutoka Kisii, kupitia Katito. Fundi aliyeitwa na baba alikuwa amemwaga nusu ya sakafu za simiti za mtaa wetu, zote juu ya udongo. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwagia mbao ndoo nne za maji.

"Bwana fundi," nilisema, "mbao zikinywa maji hazivimbi?"

"Madam, sakafu yenye kiu inanyang'anya simiti maji yake. Lazima inywe kwanza."

"Na ikishalewa?"

Alimgeukia baba. "Mzee, huyu msichana hana chai ya kupika?"

Nilipika chai. Akapanga mawe kumi na mawili, yakapendeza. Kesho yake asubuhi mbao zilikuwa zimejikunja na mawe matatu yamepasuka katikati. Fundi aliyatazama kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyefika matangani akiwa amelewa. Dani alikuja polepole, akapapasa ufa kwa kidole cha mguu.

"Bado inaongea," alisema. "Sasa ina kigugumizi. Zimebaki siku kumi."

Tuling'oa kila kitu, tukafungua madirisha ili mbao zikauke. Mimi na fundi tukatambaa chini ya nyumba na tochi. Boriti zilizobeba sakafu zilikuwa zimeachana mno, mtu angeweza kulala kati ya moja na nyingine. Nilimwambia kwamba mbao zinacheza na mawe hayachezi, kwa hiyo kwanza tuzizuie zisicheze, halafu tuwatenganishe hao wawili kabisa. Nilitegemea kutumwa chai tena.

"Sasa umesema," alijibu.

Tuliongeza boriti, tukatoa mbao zilizooza, tukapigilia zilizobaki mpaka mikono ikachubuka. Kisha nikaweka beseni la maji katikati ya chumba na kumwita baba, kwa sababu ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote.

"Ruka, Baba. Maji yakitikisika sana, sakafu haijawa tayari."

"Mzee wa kanisa haruki."

"Basi Dani arudi Kombewa."

Alivua viatu, akashika tai yake, akaruka. Maji yalimwagika. Fundi aliingia tena chini, akaongeza vipande viwili. Baba akaruka. Maji yalitulia kama yaliyolala.

"Tena," nikasema. "Sayansi haijaridhika."

Akaruka tena. Kule chini nilimsikia fundi akikohoa ili asicheke.

Juu ya mbao tulitandika karatasi ya lami, ili maji ya simiti yasizifikie, na juu ya karatasi tukapigilia waya wa banda la kuku ili simiti ipate cha kushika. Kuku walizurura kwa majirani wiki nzima. Mawe yalilala chini siku ya kumi na moja, tukayaacha yakauke bila kukanyagwa.

Siku ya kumi na nne Dani alivua kandambili. Alitembea kutoka kitandani mpaka mlango wa jikoni, akarudi, akaenda tena kwa haraka zaidi. Hakukusikika hata mlio mmoja.

"Sasa ni nyumba," alisema, akafungua kitambaa chake.

Alikaa miezi miwili na jicho likapona. Mimi nilirudi chuoni nikaandika insha ndefu juu ya nyumba na ardhi katika fikra za watu wetu. Mhadhiri aliisifu mbele ya darasa.

Dani alikuwa ameshazikwa miaka mingi mama yangu aliponieleza, huku akichambua mboga, kwamba kila asubuhi, baba alipokuwa amefumba macho akituongoza katika sala, mama yake alipita ukumbini kwenda nyuma ya jikoni kuvuta sigara kwa mtindo wa vikongwe wa kwetu, ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo. Aliyekuwa akimnunulia ni mama yangu.