Mguu Uliokakamaa wa Gunnel

Gunnel Hedvall aliendesha tramu hapa Göteborg, Uswidi, miaka thelathini na moja, na sijaona mtu anayejua kuweka kinyongo kama yeye. Mimi ni jirani yake wa ghorofa ya chini. Kuna mwanamke aliyemchukulia zamu yake ya chumba cha kufulia miaka kumi iliyopita, na mpaka leo hamsalimii. Basi daktari Rutger Palmcrantz alijitakia mwenyewe.

Kiharusi kilimpiga Gunnel akiwa na miaka hamsini na tisa, kikamwachia mguu wa kushoto uliokakamaa. Alinieleza siku moja tukisubiri nguo: uti wa mgongo hukaza misuli kila inapovutwa, na kazi ya ubongo ni kuutuliza usizidishe. Njia ya kutoka ubongoni ikiharibika, hakuna wa kuutuliza. Mguu wake ukiuvuta polepole unakubali, ukiuvuta ghafla unakaza. Nguvu hauna, ila ukakamavu ule ndio uliomsimamisha jikoni akamenya viazi vyake mwenyewe.

Rutger alitaka kuulegeza kwa sindano.

"Usiuguse," Gunnel alimwambia. "Ndio ninaosimamia."

"Gunnel, aliyesomea ni mimi."

Akamchoma hata hivyo. Wiki mbili baada ya sindano mguu ulikuwa tepetepe. Akaanguka, akavunjika mkono. Rutger akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakufanya mazoezi, na sentensi hiyo ilimchoma Gunnel kuliko mfupa uliovunjika.

Baada ya miezi mitatu dawa iliisha nguvu, ukakamavu ukarudi. Ndipo ikaja barua: Rutger atamtembelea nyumbani, waanze sindano upya.

"Aifute ile sentensi," Gunnel aliniambia, "la sivyo atatoka hapa akichechemea."

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta amekaa kwenye kiti, anapaka sakafu ya jikoni sabuni laini bila kuisuuza.

"Utamuua mtu."

"Kwani nimemkataza kuvaa viatu?"

Alijua vizuri. Hapa kwetu hata daktari huviacha viatu mlangoni. Yeye mwenyewe alivaa viatu vyake vya ndani vyenye soli ya mpira, akasimama kwenye sinki, mkono wake mzima umeshika ukingo. Ningeweza kuifuta ile sakafu. Nikateleka kahawa, kwa sababu nilitaka kuona.

Rutger aliingia na soksi za sufu na mkoba wake wa sindano. Hatua ya tatu ikamponyoka. Mikono ilipaa, mgongo ukapinda, miguu ikatafuta pa kukanyaga, mwili wake ukijiokoa kabla hajajua kinachompata. Akadaka bega la Gunnel kwa uzito wake wote. Mguu wa kushoto ulivutwa ghafla, ukakaza kama nguzo. Rutger akabaki ananing'inia pale, soksi zinapiga makasia kwenye sabuni.

"Nishike, Gunnel, tafadhali."

"Nimeshikwa, sijashika. Nani alikosea juu ya huu mguu?"

"Sasa hivi si..."

"Nikitaka nakaa chini. Mimi kuanguka nimezoea."

Rutger aliling'ang'ania bega. "Sindano ndiyo iliyokuangusha."

"Na mazoezi?"

"Uliyafanya."

"Mwambie jirani, maana hasikii vizuri."

Ninasikia vizuri sana. Akanigeukia, masikio mekundu, akayarudia yote mawili kwa sauti. Ndipo Gunnel akaniashiria nimsogezee daktari kiti.

Rutger alifungua kompyuta yake magotini, soksi zikichuruzika maji ya sabuni. Gunnel alimtajia neno kwa neno: mgonjwa alionya, daktari hakusikiliza, mguu ulilegezwa, mgonjwa akaanguka. Akamtaka aisome kwa sauti mara mbili. Mara ya pili akamsahihisha alipolipitia haraka lile neno "hakusikiliza". Nakiri nilifurahi.

Rutger akafunga mkoba bila kuitoa sindano, akasimama kwa uangalifu, akanyoosha mkono wa kuagana. Gunnel aliutazama tu, mpaka Rutger akautia mfukoni.