Nimewachorea njia ya maji ambayo sikuwahi kuipita

Asalaam aleikum ndugu zangu. Admin, jina langu nifichie, maana hapa Gongoni tunajuana. Mimi ni baba wa miaka hamsini na sita, seremala, elimu yangu darasa la saba, na swala tano sikosi msikitini. Haya ninayoyaandika hata imamu wangu sijathubutu kumwambia.

Mume wa binti yangu ni kijana mwenye adabu. Yeye na wenzake wawili wana boti za mpira, na Jumamosi hii wanakwenda kupiga makasia mto Malagarasi, kuanzia Uvinza kushuka kuelekea ziwani. Huko kuna mahali maji yanaanguka kwenye miamba, ukikosea njia boti inapinduka. Ujana wangu nilikaa kule kwa mjomba, marehemu sasa, aliyekuwa akisafirisha asali kwa mtumbwi. Na miaka yote nimekuwa nikisimulia, hata siku ya harusi yao, kwamba mimi na mjomba tulipita pale katikati ya maji.

Ndugu zangu, hatukupita. Hakuna mtu wa mto ule aliyekuwa akipita. Mkifika mnateremka, mnashusha mizigo, mnabeba mtumbwi mabegani mpaka mmalize miamba, ndipo mnaurudisha majini. Ule uongo niliuanza nikiwa kijana, kujionyesha tu, halafu nikauzoea.

Wiki iliyopita wakaja, wakatandaza karatasi sebuleni. "Shikamoo baba. Tumekuja kwa mwenye mto." Nikaitikia marahaba, kichwa kimevimba. Mwenzake mmoja akasema, "Mzee, mimi hata maji ya kuoga nayaogopa, tuchoree vizuri." Tukacheka. Mkwe akauliza, "Tukifika kwenye mwamba mkubwa, baba, kushoto au kulia?" Nikachukua penseli yangu ya kazi, nikachora kushoto. "Una hakika baba?" Nikasema wallahi. Nimeapa kwa Mungu juu ya kitu nisichokijua. Kisha wakaniomba dua ya safari, wakainua mikono, na mimi nikaomba.

Mke wangu anaujua ukweli, mjomba alimsimulia mwenyewe enzi za uhai wake. Walipotoka tu akaniambia, "Baba Mwajuma, leo umewatosa watoto wa watu. Utasema wewe, au niseme mimi?" Nikamwomba aniachie.

Jana baada ya alasiri nikampigia mkwe. Nikazunguka zunguka, nikamuuliza, mwanangu, kwani safari hii ni lazima? Akacheka. "Baba, wewe ndiye umeiokoa. Mama yangu alikataa kabisa, analia, maana hana mtoto mwingine. Nikamwambia baba mkwe alishapita pale, na ameapa. Akasema, kama mzee yule ameapa, basi nenda."

Nikamwambia Mungu akutangulie, nikakata.

Leo ni Alhamisi. Nikimwambia mkwe peke yake, namjua, atanisitiri, atamwambia mama yake tumebadilisha tarehe, na yule mama ataendelea kuniamini. Nikienda kwa mama mwenyewe, sijui binti yangu atatazamwaje katika nyumba ile. Lakini ruhusa ya mwanawe wa pekee aliitoa kwa kiapo changu, na nadhani ni mimi wa kwenda kumwambia aiondoe.

Nishaurini, hasa nyie kina mama mliozaa. Kesho nikitoka swala ya Ijumaa nikapiga hodi kwake, nianze na neno gani?