Kichwa Kingine cha Jiko la Vitalia

Tangu watu wa Liuli wahamie kwenye gesi, fundi Othmar aliweza kukaa hata miezi miwili bila kuletewa jiko la mafuta ya taa la pampu. Mkewe alishafariki, watoto wako Songea, na siku nyingine jioni ilifika hajasema neno na mtu.

Ndipo akaja Vitalia, mwalimu mstaafu wa Lundo, na jiko la shaba alilolifunga kwenye kanga. Marehemu mumewe alikuwa mpima ardhi, na walipooana walikuwa wakipikia jiko hilo kambini. Kichwa chake, pale moto unapotokea, kilikuwa kimepasuka.

“Kichwa cha aina hii hakipatikani tena,” Othmar alisema. “Nitalifungia cha jiko jingine. Njoo Alhamisi.”

Nyuzi za kukazia, kama zile za skrubu, hazikulingana na za jiko. Kwa siku tatu alichonga kipande cha bomba la shaba, akakitia nyuzi ndani na nje, mpaka kikaunganisha kichwa na jiko bila kuvuja.

Alhamisi alipampu, akawasha. Jiko likanguruma. Vitalia akainama kulisikiliza, amefumba macho.

“Ndivyo lilivyokuwa linatuamsha kambini,” alisema. “Kupika napikia gesi, kaka. Nilitaka sauti tu.”

Othmar akabandika sufuria. “Basi tunywe chai, dada, huku tukilisikiliza.”

Wakanywa bila haraka, wakisimuliana habari za wenzi wao. Kisha Vitalia akapanda bodaboda na jiko lake. Othmar alisuuza vikombe viwili, akakaa kibarazani, na kimya cha nyumba kikamwelemea zaidi kuliko jana yake.