Maji Aliyonyimwa Leonia

Siku hizi ukipita Katonga, kwetu huku ziwani, kila mwanamke ni daktari. Utamkuta anaanika dagaa, mkono unafukuza kunguru, mdomo unakufundisha: chemsha maji, funika chungu, nawa mikono, mtoto akiharisha mpe maji ya sukari na chumvi. Ukimwuliza amejifunzia wapi, atakwambia, "Aa, sisi tumezaliwa tunajua." Uongo mtupu! Mmezaliwa mnajua wapi? Mwaka tisini na saba mlikuwa mnamcheka Honorata mpaka mnashika mbavu, na mimi Skolastika nilikuwa katikati yenu, nacheka kuliko wote. Basi leo mtanisikiliza, na asiyetaka njia ile pale.

Honorata alikuwa wifi yangu. Baba yake na mama mkwe wangu, Rozalia, walizaliwa tumbo moja huko Baraka, ng'ambo ya ziwa. Rozalia akaolewa huku, kaka yake akabaki. Vita vilipowaka Zaire, watu wakavuka kwa maboti yaliyojaa kupita kiasi, na Honorata akafika Kibirizi, bandari ya upande wetu, mwishoni mwa mwaka tisini na sita. Alikuwa na sufuria moja na kitenge cha kubebea mtoto. Mtoto mwenyewe hayupo. Wenzake walipelekwa kambini, lakini Rozalia alimng'ang'ania mtoto wa kaka yake mpaka akaruhusiwa kukaa nasi, akapewa chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea nyavu. Habari za mtoto hatukumwuliza. Kwetu mtu aliyefiwa hachimbwi, anasubiriwa aseme mwenyewe.

Kwao alikuwa mfagizi kwenye zahanati ya misheni, miaka kumi na moja. Mfagizi, lakini masikio anayo. Kila alichosikia masista wakiwaambia akina mama alikishika, na alipofika kwetu alikifuata kama amri ya kanisa. Asubuhi, kabla hajasema na mtu, anakunywa maji ya uvuguvugu. Kisha uji mchachu. Unga wa mtama anauloweka siku mbili mpaka unatoa mapovu, ndipo anaupika, na harufu yake inanifuata mpaka kwenye kichanja changu cha dagaa. Hali chakula amesimama. Hagusi tonge kabla hajasugua mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Akimaliza kula anatembea hadi kwenye mawe ya ufukweni na kurudi, ndipo akae. Maharage, sombe ya majani ya muhogo, kipande cha papai. Alikuja kwetu mifupa mitupu, tumbo halishiki kitu, na baada ya miezi miwili mashavu yakarudi.

"Tumbo halitaki makuu, wifi," alikuwa akiniambia. "Linataka usilishtue."

Lakini kilichotuvunja mbavu ni maji. Honorata alikuwa anachemsha maji ya kunywa! Anakaa mbele ya jiko anayangoja yatokote, anayaacha yapoe, anayafunika kwa sahani. Ziwa lote lile mbele yetu, maji matamu, na yeye anamaliza mkaa. Nikimpita namwuliza, "Wifi, leo maji umeyaunga kwa nazi au karanga?" Wanawake wanaangua kicheko. Yeye anatabasamu tu, anapuliza moto. Sasa nikikumbuka tabasamu lile natamani kujizaba kofi.

Mwezi wa pili ugonjwa wa kuhara ukashuka. Ulianza nyumba mbili tatu, mara ukawa mtaa mzima. Na watu wetu, badala ya kuangalia wanakunywa nini, wakatafuta wa kumlaumu. "Wakimbizi wametuletea." Jirani yetu Martini alizika watoto wawili ndani ya juma moja, na siku ya matanga mtu mmoja, simtaji kwa kuwa wajukuu zake wapo hapa, akasema kwa sauti Honorata asikie: "Wengine wanajichemshia maji yao peke yao, wanajua walichokitia kwenye ya wenzao." Honorata aliinuka akarudi chumbani kwake.

Hapo nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye. Nilijua kwamba anajua. Mke wa Martini alikuwa amekuja mwenyewe, mtoto mgongoni, akamwomba, "Dada, wewe ulikaa zahanati, nisaidie." Honorata akamwambia hajui kitu, alikuwa mfagia uchafu tu, ampeleke hospitali. Akafunga mlango. Nikajiambia, huyu ana roho ya jiwe. Anajua kulichunga tumbo lake, ya wenzake hayamhusu.

Siku ya siku ikaja kwangu. Ilikuwa Jumanne, kumepambazuka tu. Binti yangu Leonia, miaka minne, akaanza kuhara maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mume wangu, Feliksi, aliyekuwa mvuvi, akatoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mama mkwe akakaa mlangoni kwenye kigoda, akatoa amri.

"Asipewe hata tone. Tumbo linalovuja ukilimiminia maji linavuja zaidi. Mkaushe, litafunga lenyewe."

Na mimi, mwenye mdomo huu mnaoujua, nikatii! Leonia alikuwa ananiambia, "Mama, maji," nami namwambia nyamaza mwanangu, utapona. Mara ngapi? Sikuhesabu, na Mungu anisamehe. Mpaka jua linakaribia utosini, midomo imemkauka, macho yameingia ndani, nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama hivyo hivyo. Halafu akaacha kuomba. Kule kunyamaza ndiko kulikonitoa akili.

Nilikwenda chumba cha nyuma nikaupiga mlango teke. Honorata alikuwa ameketi kitandani, amejifunika kitenge.

"Amka!" nikamwambia. "Leonia anakufa na wewe umekaa! Sema, masista walikuwa wanafanyaje?"

"Sijui, wifi."

"Unajua!"

"Na nikikosea?" Akakikumbatia kitenge. "Nikimpa na akafia mkononi mwangu? Watasema nini? Wewe utasema nini?"

"Nitakuua!" nikapiga kelele. "Lakini ukikaa hapo nitakuua vilevile, basi chagua!"

Najua si maneno ya kumwambia mtu aliyekimbia vita. Lakini ndiyo niliyosema. Ndipo Honorata akaniambia, polepole, habari ambayo tulikuwa tunaisubiri miezi yote ile. Mtoto wake aliitwa Yusta. Boti lao liliharibika injini katikati ya ziwa, wakaelea siku mbili. Yusta akaanza kuhara. Honorata akaanza kumpa maji kidogo kidogo. Wanawake botini wakampigia kelele, unamwua, unamwongezea. Mtoto akatapika mara moja, na yeye akaingiwa na hofu, akaacha.

"Nilikuwa ninajua, wifi," akasema. "Nilijua kabisa. Niliogopa nikimpa akafa, nitakuwa nimemwua mie. Basi nikaacha, na akafa vilevile."

Nilimshika mkono nikamvuta, na safari hii akaja.

Alichukua sufuria yake ya maji yaliyochemshwa, akajaza chupa ya lita moja. Sukari vijiko vidogo sita. Chumvi nusu ya kijiko hicho hicho. Aliionja. Akaketi chini, akampakata Leonia, akaanza: kijiko kimoja, anangoja kidogo, kijiko kingine.

"Honorata!" Rozalia alisimama pale mlangoni. "Unamfanya nini mjukuu wangu?"

"Ninampa maji, shangazi."

"Acha mara moja! Mimi ni dada ya baba yako, nakwambia acha!"

Kwao shangazi akisema, baba amesema. Honorata akakishusha kijiko. Na Leonia naye, kama amepangiwa, akatapika yote. Rozalia akashika kichwa, "Yoo, nilisema! Nilisema mimi!" Majirani wakajaa uani, na wote, wote bila kubakiza mmoja, wakaanza kumpigia kelele. Mkimbizi! Mchawi! Honorata akamlaza mtoto kwenye mkeka, akainuka, macho yake yako mlangoni.

Nikaenda nikasimama mlangoni, mgongo kwa majirani. "Hutoki," nikamwambia. "Akitapika masista walikuwa wanafanya nini?"

"Wanangoja," akasema. "Dakika kumi. Halafu wanaanza tena, polepole zaidi."

"Basi ngoja."

Nikageuka nikawatukana wale majirani matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Wakaondoka. Rozalia peke yake akabaki, amekaa kwenye kigoda chake, amenuna, amegeuzia uso ukutani. Honorata akaanza tena. Kijiko. Kijiko. Leonia akatapika tena, kidogo. Honorata akangoja, akaanza tena, na mara hii hakumwangalia mtu yeyote.

Mchana Feliksi akarudi mikono mitupu. Magari yote yalikuwa yamekwenda kubeba wagonjwa na wakimbizi, ameahidiwa moja la alasiri. Wakati huo maji yaliyochemshwa yalikuwa yamekwisha. Feliksi akaleta dumu lake.

"Chukua haya," akasema kwa kujivuna, hata katika hali ile. "Si ya ufukweni, mimi siwapi wanangu maji ya ufukweni. Haya nimeyachota kilindini, napiga kasia nusu saa nzima. Huko ziwa ni safi, unaona mpaka chini."

Na kweli ndiyo desturi yetu Katonga. Mwanamume anayejiheshimu hachoti maji ya kunywa pembeni, anakwenda nayo madumu mpaka kilindini. Hiyo ndiyo sababu tulikuwa tunamcheka Honorata. Maji ya kilindini yachemshwe ya nini?

Honorata akauliza, bila kuinua kichwa, "Unayajaza dumuni kwa chombo gani?"

"Kwa kopo."

"Kopo gani, kaka?"

Feliksi akaenda mtumbwini akalileta. Kopo la maziwa ya unga, limekunjwa mdomo kidogo, na nililitambua, kila mwenye mtumbwi analo. Ndilo la kukaushia maji yanayoingia chini ya mtumbwi. Damu ya samaki, hao migebuka, matope ya miguu, na mwaka ule, wakimbizi aliowavusha Feliksi, wagonjwa, watoto, hakuna choo ziwani. Anakausha uchafu ule kwa kopo, analisuuza mara moja pembeni, halafu analitumbukiza kwenye maji safi ya kilindini anajaza dumu. Anatuletea nyumbani. Na sisi tunakunywa tukijisifu.

Feliksi alilitazama lile kopo mkononi mwake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kifua, lakini aliketi chini palepale uani. Nilitaka kumrukia. Naapa nilitaka kumrukia! Nusu saa ya kasia, mume wangu, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, ili kumletea mwanao sumu! Lakini nani alikuwa analifungua dumu kila asubuhi na kumjazia Leonia kikombe? Si mimi?

"Yachemsheni," akasema Honorata. "Yatokote hasa. Hata haya yatafaa."

Nikawasha moto. Mimi niliyekuwa nauliza nazi au karanga, nilipiga magoti mbele ya jiko nikapuliza mpaka machozi yakanitoka, si ya moshi.

Alasiri ile gari halijafika, Leonia akakojoa. Kidogo, ya njano iliyokolea, kwenye kitenge cha Honorata. Sijapata kufurahia mkojo maishani mwangu kama siku ile. Kisha akafumbua macho, akalia, na tuliona machozi ya kweli yanashuka shavuni. Honorata akasema, "Machozi yamerudi, wifi. Maji yamemwingia." Gari lilipofika tukampeleka hospitali, na huko mganga akatuambia tuendelee hivyo hivyo, wakampa na dawa, na siku ya tatu tukarudi naye nyumbani. Anadai uji. Honorata akampikia ule mchachu, mwembamba, na akaunywa wote.

Nilidhani Rozalia angeomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, nimeyapanga maneno yangu yote ya kumchoma, moja baada ya jingine, kwa zile saa za asubuhi alizomkausha mwanangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamtazama Honorata akimnywesha Leonia maji baada ya uji. Akamwita.

"Honorata."

"Abee, shangazi."

"Mimi kabla ya Feliksi nilizaa watatu." Alikuwa anasema polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi. "Diana, Jeremia, na mdogo hakuwa na jina bado. Wote ni kuhara. Waliponililia maji nilijikaza. Mama yangu alinishika mikono nisiwape. Sikuwapa hata tone, mwanangu, nilikuwa nawapenda. Kwa hiyo wale..."

Hakumaliza. Yale maneno yangu yote ya kumchoma sikuyasema, na mpaka leo sijayasema.

Honorata aliweka kikombe chini. Alikwenda akapiga magoti mbele ya shangazi yake, akamshika mikono yote miwili.

"Wewe hukujua, shangazi," akamwambia. "Mie nilijua."

Wakakaa hivyo. Leonia akasema anataka maji tena, na sisi watu wazima hakuna aliyejongea. Akasema mara ya pili, kwa hasira sasa, maana ni mwanangu. Ndipo Rozalia akainuka, akaja mpaka kwenye mkeka akitegemea ukuta, akachukua kikombe, akamnywesha mwenyewe.