Wale wa Kwenye Benchi

"Kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wengine?"

Nilimuuliza mama mdogo swali hilo nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jikoni kwetu, nimevaa miwani ya baba ya kusomea iliyokuwa inanitelemka puani. Mimi nilikuwa bosi. Yeye alikuwa mtafuta kazi, amekaa kwenye kiti chetu pekee kisichoyumba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na ubosi ulikuwa umeninogea, mpaka nilipouona uso wake.

"Wengine gani?" akauliza.

"Wengine tu. Wanaotaka kazi hiyohiyo."

"Wamenikosea nini?"

Nyuma yangu Mwenyeji, aliyekuwa ameegemea friji, akaangua kicheko.

Mwenyeji alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, fundi wa viyoyozi. Alikuja nchi hii mgeni kama sisi, ila alikuja zamani, na kwa hilo tu akajipa cheo. Alijua ofisi gani ina mlinzi mkorofi na ipi ina choo cha kueleweka. Usaili, au intavyuu kama alivyoiita, ulikuwa somo lake. Alimfundisha mama mdogo kukaa wima, kutabasamu, na kujisifu bila kupumua.

"Shemeji, huku mtu ni duka," alimwambia. "Usipopanga bidhaa mbele, nani atajua unauza nini?"

"Basi mimi nimefunga," mama mdogo akajibu, akaenda kuchomeka pasi.

Hapo lazima nieleze kuhusu pasi. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu kwa baba na mama, akikasirika anapiga pasi. Wengine wanapiga kelele au wanapiga milango, yeye anapiga pasi, kimya, meno yameumana. Tangu afike kwetu na begi lake moja, vitambaa vya kufutia vyombo vilikuwa vimenyooka kama karatasi. Ukifungua droo ukakuta soksi zina mstari kama suruali ya askari, ujue kuna mtu kamuudhi. Baba alisema nyumba nzima itanyooka, tutabaki sisi tu tumejikunja.

Na sababu za kukasirika alikuwa nazo. Kule alikotoka alifanya kazi ya kufua kwenye hoteli kubwa, akaanzia kwenye taulo mpaka akawa anasimamia chumba cha pasi. Huku kila ofisi ilimwambia hana uzoefu. Uzoefu wa kule, walisema, haupimiki. Kama vile shuka la kule lilikuwa na pembe tatu.

Yeye hakutaka makuu. Alitaka mkataba wa kazi, kwa sababu bila mkataba mwanawe asingeruhusiwa kumfuata. Mtoto huyo tulimwita Kisoda, kwa udogo wake na kwa vifuniko vya chupa alivyojaza mifukoni. Alikuwa amebaki na bibi. Kila Jumapili alipiga simu, na kabla hata ya salamu aliuliza, "Umepata?"

Basi, kwa nini asijisifu? Mimi nilikuwa simwelewi kabisa. Mama ndiye aliyenieleza. Kwao kazi hukuiomba kwa mdomo wako. Uliletwa na mtu. Mtu huyo alisimama mbele ya mkubwa akasema, huyu ni wangu, ni mtu wa kazi, akiharibu niulizeni mimi. Wewe ulinyamaza ukatazama vidole vyako vya miguu. Mama mdogo aliletwa hotelini na jirani muuza mkaa, na mpaka leo akimtaja anashusha sauti. Kwake, mtu anayejisifu ni mtu aliyekosa hata mmoja wa kumsemea. Alimuuliza Mwenyeji kama dada yake, yaani mama, anaweza kwenda naye amsemee. Mwenyeji alicheka mpaka akafuta machozi kwa taulo letu. Siku hiyo zilipigwa pasi hata kamba za viatu.

Siku ya usaili ilipofika, mama alikuwa kazini, na lugha ya huku ilikuwa bado inamkwama mama mdogo kooni. Nikaruhusiwa kukosa shule niwe mdomo wake. Ilikuwa kazi ya kufua hospitalini. Tulingoja kwenye korido, kwenye benchi refu, pamoja na wanawake wengine. Mvuke ulitoka chini ya mlango fulani, na harufu ya sabuni na nguo za moto. Mama mdogo akavuta pumzi, mabega yakashuka. Kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona kama mtu aliyefika mahali anapopajua.

Koti alilovaa lilikuwa la kuazima kwa mwenzake mama wa kazini, na lilimbana. Alipoinama kuniweka sawa kola, kifungo kikaruka, kikabingirika mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Alibaki amelishika koti kifuani, anatazama kile kimfereji kama anataka kukipiga.

Mwanamke aliyekaa pembeni yetu, mtu mzima mwenye skafu ya kijani, alichomoa pini iliyoshikilia skafu yake, akalifunga koti la mama mdogo kwa ndani, isionekane. Tangu hapo skafu ikawa inamteleza, kila mara anairudisha begani. Mama mdogo alimwambia asante kwa lugha yetu, na yule akajibu kwa lugha yake, ambayo wala haikuwa ya nchi hii. Wakaelewana.

Ndani walikuwa wawili, mama mmoja wa miwani yenye kamba na kijana wa ofisini. Mambo yalianza vizuri. Aliulizwa mashine alizozizoea, akajibu. Aliulizwa kama anaweza kusimama siku nzima, akajibu kwa nyusi tu, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Kisha yule mama akasema, "Kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wale wa nje?"

Moyo uliniruka kwa furaha. Lilikuwa swali letu lilelile la kwenye ndoo. Nikalitafsiri haraka, nikangoja ile hotuba ya Mwenyeji.

Mama mdogo aligusa koti, pale penye pini.

"Waambie, wale wa nje siwajui kwa ubaya," alisema. "Mmoja amenifunga koti. Wakitaka kujua habari zangu wamuulize yeye."

Nilimnong'oneza, "Mama mdogo, jisifu."

"Sema nilivyosema."

Nikasema alivyosema. Yule kijana alicheka akidhani ni mzaha. Yule mama hakucheka, alitazama saa. Walisema watatupigia.

Walipiga baada ya siku chache, wakamwambia mama kwamba wamempata mwingine. Niliwakasirikia wale wawili na maswali yao ya kugombanisha watu, lakini hao hawakuwepo, kwa hiyo hasira ikamwangukia aliyekuwepo. Nilimwambia mama mdogo kwamba Kisoda sasa hivi angekuwa anafunga begi, kama si maringo yake.

Mama aliniamuru nitoke nje.

"Mwache, dada," mama mdogo akasema. "Hajakosea." Kisha akapanda juu ya kiti, akashusha pazia la sebuleni, akaanza kulipiga pasi.

Jumapili Kisoda alipiga simu. Umepata? Bado. Kisha ile sauti ndogo ikauliza, bila ubaya wowote, "Mama, mbona wewe tu ndiye hawakutaki?"

Safari hii hakugusa pasi. Alivaa ndala, akapanda ngazi, akagonga kwa Mwenyeji. Nilimfuata, kwa hiyo nilisikia.

"Nifundishe hilo duka lako," alimwambia.

Mwenyeji, nadhani kwa jinsi alivyomwona, hakufanya mzaha hata kidogo. Walifanya mazoezi mpaka nikachoka mimi niliyekuwa bosi. Mama mdogo alijibu kila kitu uso umekaza, kama anayemeza dawa chungu. Usaili wa pili ulikuwa kwenye kiwanda kinachofulia mahoteli, nyuma ya gereji ya mabasi, na alikwenda peke yake. Alisema hatanihitaji. Maneno yenyewe alikuwa ameshayakariri.

Akapata.

Mwenyeji alishuka na chupa ya soda kubwa, mama akapiga vigelegele, mimi nikaruka. Mama mdogo akapita katikati yetu bila salamu, akafungua meza ya pasi.

"Kunywa mwenyewe soda yako," alimwambia Mwenyeji. "Nimesema mimi ni bora kuliko wote. Nimesema wale wengine hawatadumu. Watu nimekaa nao benchi moja, mmoja kanishikia mkoba wangu nikienda chooni."

"Shemeji, si kila mtu anasema hivyo?"

"Ndiyo. Na wao wamesema hivyo juu yangu." Alibonyeza pasi mpaka meza ikalia. "Nyie watu, huu ni utaratibu gani?"

Soda ilikaa mezani mpaka ikaisha gesi.

Kisoda alikuja, amerefuka, mifuko imejaa vifuniko vya chupa. Sasa ana miaka kumi na moja na anamaliza mkate peke yake. Mama mdogo bado yuko kiwandani kulekule, anaongoza zamu ya mchana. Wiki ya kwanza alirudi hawezi kuinua mikono. Alisimulia kwamba mashuka yalikuwa yamerundikwa mpaka kwenye taa. Siku ya usaili benchi lilijaa watu, wakamchukua mmoja, wakampa kazi ya benchi zima.

Juzi ilikuwa zamu yangu. Nimefikisha miaka kumi na sita, naomba kazi ya likizo kwenye duka la viatu, na mama mdogo akasema hatoki mtu humu bila mazoezi. Alikalia ndoo yeye. Aliniuliza lile swali, nami nikatiririka: nina bidii, najifunza upesi, si kama wengine.

"Nani kakwambia wengine hawana bidii?" akauliza.

Nikamkumbusha kwamba hata yeye niliwahi kumuuliza, jikoni hapahapa, na hajanijibu mpaka leo. Nikamuuliza tena: kwa nini tukuchukue wewe, tuwaache wengine?

Nilidhani atainuka akatafute pasi. Hakuinuka. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye yule mama wa miwani ya kamba.

"Msiwaache," alisema. "Mashuka yalikuwa mengi. Yangetutosha wote."