Munyu wa Maharage katika Kioo cha Eliane

Watu wakimuuliza Eliane Kahongya kazi yake, hujibu kwamba anatengeneza kioo kinachokubali kuisha. Wengi hucheka. Kioo cha dirisha kikiisha, si mvua itaingia? Naye huwaeleza taratibu, kama binti wa kijiji cha Vuhovi aliyezoea kupalilia kabla ya kwenda shule: ukikisaga kioo hicho ukakitia kwenye tundu la mfupa uliovunjika, kinayeyuka kidogo kidogo, na juu yake mfupa mpya unapata pa kushika.

Yeye ni assistante, mwalimu msaidizi wa kemia katika chuo kimoja cha Butembo, na kioo hicho ndicho mada ya mémoire yake, tasnifu ya kuhitimu.

Kazi yote iko kwenye kipimo. Mchanga safi ndio unaokishika kioo. Chembe zake hushikana mikono pande zote. Soda, chokaa na majivu ya mifupa ya ng'ombe huingia katikati na kuachanisha baadhi ya mikono. Ikishikana mno, maji ya mwili hayapati mlango. Ikiachana mno, kioo chote kinakwenda na maji kabla mfupa haujafika.

Kioo cha kwanza alikitilia mchanga mwingi, kwa kutamani kiwe imara. Kikakaa ndani ya chupa yenye maji ya chumvi kama za damu, vuguvugu kama mwili, kikang'aa vilevile wiki baada ya wiki. Cha pili akapunguza mchanga. Soda ya maabara ilikuwa imekwisha, akanunua sokoni munyu wa maharage, ule wanaotia chunguni ili maharage magumu yaive upesi. Alichukulia kuwa ni bicarbonate, na bicarbonate ikipata moto hugeuka soda. Lakini punje za kioo hicho zikalainika chupani, zikawa uji.

"Assistante, umetupikia bouillie," alisema Profesa Phinées, aliyemsimamia, huku akitikisa chupa. Kisha akaitazama tanuru ya umeme ya kuyeyushia kioo. Waya zake zilikuwa zimechoka. "Hii itayeyusha mara moja tena, basi. Na siku ya jury imeshapangwa."

Kioo cha tatu kikiharibika, Eliane angengoja mwaka mwingine kutetea mémoire yake mbele ya wakaguzi. Alipitia hesabu upya, akaona haina kosa. Akarudi sokoni kwa mama aliyemuuzia munyu.

"Mama Syauswa, unipatie tena ile munyu ya maharage."

"Ya majivu ao ya sachet?"

"Iko mbili?"

"Weye unafundisha batoto ba watu kemia, mais unauliza miye?" Syauswa alicheka hadi jirani yake wa mihogo akageuka. "Ile ya siku ile ilikuwa ya majivu, ya maganda ya ndizi. Ya sachet, batu ba mikate njo banabeba."

"Kwetu tunaita yote munyu, mama."

"Na siye pia. Donc, nikupe gani?"

Eliane akacheka naye. Katika majivu ya ndizi mna potasi, ambayo chembe zake ni kubwa kuliko za soda. Zilisukuma mikono mbali zaidi, na maji yakaingia mbio. Tena mlikuwa na vitu vingine ambavyo hakuvipima. Alibeba ya sachet, ile bicarbonate ya pakiti.

Tanuru ilinguruma, ikavumilia. Kioo cha tatu kilimwagika kama asali, kikapoa, kikasagwa, kikaingia chupani. Siku zilipita, punje zikabaki punje. Kisha asubuhi moja hazikung'aa tena: zilikuwa zimevaa utando mweupe, mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Hivyo ndivyo mfupa unavyoanza.

Phinées aliukwaruza kwa ncha ya sindano. Haukubanduka. Akakwaruza tena, kwa nguvu kidogo.

"Imeshika," alisema. "Jury inabaki siku yake. Na ile bouillie, utaificha?"

"Hapana, Prof. Bouillie iko na chapitre yake."

Akavuta kiti dirishani, akaanza kuiandika sura hiyo.