Mama Vera, Mstari Mmoja

Wandera huyu mnayemwona mezani pale Ggaba, ufukwe wa ziwa hapa Kampala, anayemuuliza jina hata mtoto wa kunyonya kama askari wa mpakani, hakuzaliwa mkali. Mimi ndiye niliyemharibu. Nasema mapema, mtu asije akanidhania mwema kwa sababu nauza chai na nacheka na wateja.

Alitoka Busia, upande wa Kenya, miaka kumi na moja iliyopita, akaanza kwa kubeba magunia ya dagaa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, basi wenye mashua za Jumapili wakampa meza, kalamu na daftari. Kazi yake ni kuandika jina la kila anayepanda kwenda kupunga upepo ziwani. Kila mtu na mstari wake. Mashua ikipatwa na lolote, daftari ndilo linalosema nani bado yuko majini.

Na Jumapili Ggaba ni raha, jamani! Watu wanashuka kutoka Kansanga na Kibuli, hata Lubaga wakitoka misa, wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu. Wanakula samaki kwa mikono, wanacheza muziki, kisha wanapanda mashua ya nahodha Asuman wakapigwe na upepo. Hata mimi niliye na moshi machoni nilikuwa nafurahi kuwaona.

Mwanzoni Wandera alimuuliza kila mtu jina lake kavu. Siku moja akamuuliza mwanamke mzima, mwenye wajukuu, mbele ya mkwewe. Nikaweka birika chini. "Wee Wandera! Wewe hukuzaliwa? Mtu amezaa, bado unamtaka jina la utotoni? Sisi Wanubi tungekucharaza! Andika Mama Fulani. Heshima si utumwa!" Watu wakaangua kicheko, naye akaona haya mpaka akaangusha kalamu. Tangu siku hiyo akawa anaandika Mama Hasifa, Baba Tarcisio, na watu wakampenda. Nami nikavimba kichwa kwamba nimemfunza adabu. Kumbe!

Ajwang alikuwa fundi cherehani Kansanga, Mjaluo, anaishi peke yake na binti yake wa miaka minne, Vera. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walikuja. Vera alikuwa mtundu huyo! Akifika kwangu anachovya kidole kwenye bakuli la sukari, akidhani simwoni. Siku ile alivaa gauni la njano, mamake alilishona kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kazini. Wakafika mezani. Wandera hakuuliza kitu, aliwajua. Akaandika "Mama Vera", mstari mmoja, akamtekenya mtoto, wakapanda. Niliona kwa macho yangu wala sikuwaza lolote.

Saa kumi alasiri, mashua bado tunaiona kutoka hapa, abiria wakaona ndege wakubwa weupe wamejipanga juu ya maji. Wote wakakimbilia upande mmoja na simu zao. Asuman akapiga kelele warudi. Nani angemsikia katika muziki ule wa mashuani? Ikapinduka.

Wavuvi walifika upesi, Mungu awalipe. Watu wakatolewa mmoja mmoja, wanatapika maji. Ajwang alitolewa hajitambui, akapakiwa garini mbio hospitali. Afisa mmoja wa polisi akamwambia Wandera asome majina. Akasoma moja baada ya jingine.

"Mama Vera?"

"Yuko, wamempeleka hospitali!" Ni mimi niliyejibu. Mimi, kwa kinywa changu hiki.

Akatia alama. Majina ishirini na matatu, watu ishirini na watatu. "Wote wamepatikana," afisa akasema. "Wavuvi, toeni mashua zenu majini." Watu wakakumbatiana, huku alhamdulillahi, kule wanapiga ishara ya msalaba. Wavuvi wakazima injini zao.

Nikawagawia chai ya moto. Wandera akapokea kikombe, akanyoosha mkono kwenye sukari, mkono ukasimama hapo hapo.

"Mama Siraje," akaniambia polepole, "Vera ameenda na nani?"

"Na mamake."

"Ulimwona?"

Sikumwona. Nilidhani tu.

Aliingia majini na viatu vyake. "Bado mmoja! Bado mmoja!" Afisa akamfuata na daftari, akamwonyesha kwamba hesabu imetimia. "Daftari ni langu!" Wandera akalia. "Mtoto yumo ndani ya jina la mamake!"

Zilikuwa zimepita dakika arobaini. Wavuvi walimkuta Vera chini ya mashua iliyopinduka, gauni limenaswa kwenye kamba ya turubai. Hakuna aliyepiga mbizi pale mapema kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafutwa. Tungewahi, angepona? Sijui. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kumuuliza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu amehamia kwangu kabisa.

Tangu hapo Wandera haandiki Mama wala Baba. Wapo wanaomwita mjeuri. Wamwite.

Mwezi uliopita Ajwang alirudi Ggaba, mchana. Amekonda. Niliogopa kulitaja lile jina, nikasema, "Karibu, Ajwang."

Akanikazia macho. "Hata wewe, Mama Siraje? Daftarini hakuwemo. Sasa na wewe unamtoa mdomoni?"

Nililia mbele ya wateja, sikujali. "Nisamehe, Mama Vera."

Alikwenda mezani kwa Wandera, akamwambia afungue ukurasa wa siku ile. Polisi walikuwa wamelirudisha daftari. Wandera akafungua. Chini ya "Mama Vera" hapakuwa na nafasi, palikuwa na jina la mtu mwingine. Akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, mwanamke amesimama anamwangalia mpaka amalize: "24. Vera."